Kinywa cha Mbwa na Wajibu wa Mwenye Kumfuga

Katika mambo ya tohara, hakuna hukumu ambayo watoto wetu wa chuoni huijua upesi kuliko ile ya chombo kilichorambwa na mbwa. Mtoto aliyesoma siku chache tu atakwambia ya kuwa chombo hicho huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Hadithi yake imepokewa na Abu Hureira (R.A.), nayo imo katika vitabu vilivyo sahihi. Lakini ukimwuliza mtoto huyo, au hata baba yake, mbwa ana meno mangapi, au kwa nini kinywa cha mbwa mzee hunuka, au mbwa wao amekataa kula tangu jana kwa sababu gani, jawabu hutalipata. Twajua namna ya kujitakasa na mate ya kinywa kile. Kinywa chenyewe hatukijui. Mwezi huu twapenda tukitazame, maana kutokijua kwatudhuru sisi na watoto wetu, na kwamdhuru pia mnyama ambaye tutaulizwa habari zake.

Na tumtazame kwa mfano Mwislamu akaaye Mwazye. Kijiji hicho kiko wilaya ya Kalambo, mkoa wa Rukwa, juu ya uwanda wa Ufipa ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Wengi walijua jina lake kwa kuwa ndiko alikozaliwa Kadinali Polycarp Pengo mwaka 1944. Ni nchi ya misioni ya Kikatoliki tangu zamani, na Waislamu wa huko ni wachache. Watu wa Ufipa hulima mahindi, maharage na ulezi, na hufuga ng'ombe na mbuzi. Mkulima wa namna hiyo humhitaji mbwa. Usiku yuko mwizi wa mifugo, na mahindi yakikomaa wako nguruwe mwitu na nyani. Basi Mwislamu wa huko hawezi kulichukua jambo la mbwa kama alichukuavyo mtu wa Mji Mkongwe wa Unguja, ambaye akimwona mbwa njiani humpisha, yakawa yamekwisha.

Wala hana kosa kwa kumfuga. Mtume (S.A.W.), aliyeonya kwamba mwenye kuweka mbwa bila ya haja hupungukiwa na thawabu zake kila siku, ndiye huyo huyo aliyewatoa katika onyo hilo mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda. Na katika Sura ya Al-Maida, aya ya 4, Mwenyezi Mungu amehalalisha windo linaloshikwa na wanyama waliofundishwa kuwinda, na mbwa ni katika hao. Mbwa wa kazi, basi, ana mahali pake katika sharia, na mwenye mahali ana haki. Haki yake ya chakula na maji twaikubali kwa urahisi. Haki ya kinywa chake, ambacho ndicho chombo chake cha kazi, hatuifikirii kabisa.

Mbwa mzima ana meno 42, kumi zaidi ya mwanadamu. Mtoto wake huzaliwa kibogoyo. Ifikapo wiki ya tatu hivi, meno ya utotoni huanza kuchomoza, nayo yakitimia ni 28. Kisha kati ya mwezi wa nne na wa saba hung'oka, yakaota ya ukubwani. Mbele ana meno madogo ya kuguguna, pembeni mwake chonge nne ndefu za kushikia, na nyuma magego, ambayo yaliyo makubwa hupishana kama makali ya mkasi na kukata nyama.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameileta katika kitabu chake cha Ihyaa habari iliyopokewa kwa Malik bin Dinar, kwamba Nabii Isa (A.S.) alipita na wanafunzi wake penye mzoga wa mbwa. Wanafunzi wakasema juu ya uvundo wake. Yeye akasema juu ya weupe wa meno yake. Ghazali ameitia habari hiyo katika mlango wa ubaya wa kusengenya, wala hatutaki kuitoa mahali pake. Lakini yaonyesha kwamba weupe wa meno ya mbwa ni jambo walilolijua watu tangu kale. Kwa hiyo mbwa wako akiwa na meno ya rangi ya tumbaku na fizi nyekundu zilizovimba, usiseme kuwa ndivyo mbwa walivyo. Huo ni ugonjwa.

Ugonjwa huo huja hivi. Kila kinywa, cha mtu na cha mnyama, kina vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo wataalamu huviita bakteria. Mwaka 2012 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba katika vinywa vya mbwa wamehesabu aina 353 za bakteria, na kwamba katika kila aina mia, ni 16 tu hivi zinazopatikana pia katika kinywa cha mwanadamu. Vijidudu hivyo hushikamana na mate na mabaki ya chakula, vikafanya utando laini juu ya jino. Utando usipoondolewa, kwa siku chache tu madini yaliyomo katika mate huugandisha ukawa mgumu kama jiwe, na huo ndio ukoga. Mate ya mbwa yana hali ya magadi zaidi kuliko mate yetu. Hali hiyo humkinga na matundu ya meno, ambayo kwa mbwa huonekana mara chache; lakini hali hiyo hiyo huufanya ukoga ugande upesi. Ndipo ukaona kwamba balaa kubwa ya kinywa cha mbwa iko katika ufizi. Chini ya ukoga hukaa vijidudu vibaya zaidi, kama kile kiitwacho Porphyromonas gulae, ambacho ni jamaa wa karibu wa kile kiharibucho fizi za watu. Ufizi huvimba, hutoa damu, kisha hujitenga na jino. Katika mwanya ule usaha hukaa, mfupa ulioshika jino huliwa kidogo kidogo, na mwisho jino hucheza na kuanguka. Madaktari wa mifugo wasema ya kuwa mbwa wengi wakishapita miaka mitatu huwa wamekwisha kuwa na dalili za ugonjwa huu.

Ni ugonjwa wenye maumivu, na mbwa hana ulimi wa kusema. Tena kwa tabia yake huyaficha maumivu na kuendelea kula, kwa kuwa njaa ni kali kuliko jino. Mwenye kumtazama vizuri, hata hivyo, atamwona anatafuna upande mmoja, au anaokota chakula kisha anakiangusha, au anajikuna uso kwa mguu wa mbele, au anauacha mfupa ambao zamani angaliugombea. Harufu ya kinywa hubadilika ikawa ya kuoza. Mara nyingine huota uvimbe chini ya jicho, ukapasuka na kutoa usaha. Wenyewe hudhani kuwa mbwa amepigwa jiwe na watoto wa jirani, na huenda ukazuka ugomvi; kumbe ni mzizi wa gego kubwa la juu, lililopasuka kwa kuvunja mifupa, ambao umeoza, na usaha umetafuta njia ya kutokea.

Hapa ndipo tunapofika penye shida yenyewe. Mwislamu wengi wetu tumjuaye, akiona dalili hizo, hatakifungua kinywa cha mbwa wake. Atasema kwamba mate yake ni najisi. Ni kweli, katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Afrika ya Mashariki, mate ya mbwa ni najisi iliyo nzito. (Imam Malik amehitalifiana nao, kwake mbwa ni tohara, na kuosha chombo ni ibada tu.) Lakini najisi ni kitu cha kuoshwa, na kuigusa kwa haja si dhambi. Mama humsafisha mtoto wake mara tano kwa siku, na muuguzi hushika usaha na damu, wala hakuna awaambiaye kuwa wamekosa. Kila mmoja hunawa, akajitakasa, akasali. Na mbwa aliye mkavu akiguswa kwa mkono mkavu, hao hao Mashafi wasema hakuna najisi iliyohama. Anayetaka kuyatazama meno ya mbwa wake na avae glavu za mpira kama anazo, na kama hana, basi baada ya kazi maji yapo na udongo upo. Kuosha mara saba ni kazi ya dakika chache. Mbwa yule ataishi na jino lile lililooza miaka.

Tena tukumbuke habari ya yule mtu aliyeshikwa na kiu njiani, akateremka kisimani, akanywa, na alipotoka akamkuta mbwa anakula tope kwa kiu. Akarudi kisimani, akakijaza maji kiatu chake, akakishika kwa meno yake mwenyewe apate kupanda, akamnywesha mbwa, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Masahaba walipouliza kama wana ujira hata kwa wanyama, waliambiwa kwamba kwa kila kilicho hai kuna ujira. Mtu yule alitia kinywani mwake kiatu alichokanyagia, kisha akakipeleka penye kinywa cha mbwa. Hatuoni popote katika habari hiyo kwamba alilaumiwa kwa kukaribia mate.

Utunzaji wenyewe si mgumu, ila wataka kuanzwa mapema, mbwa angali mtoto na chonge zake hazijawa za kuogopwa. Kitambaa safi kilichoviringishwa kidoleni na kuloweshwa maji, au mswaki laini uliowekwa kwa kazi hiyo peke yake, hupitishwa juu ya meno kwa upande wa nje, chini ya mashavu, ambako ndiko ukoga huganda zaidi. Kila siku ni bora. Mara tatu kwa wiki si haba. Dawa ya meno ya watu isitumiwe, maana mbwa hajui kutema, na nyingine hutiwa sukari iitwayo zailitoli ambayo kwa mbwa ni sumu. Ukoga uliokwisha kuwa jiwe hautatoka kwa mswaki, wala usithubutu kuubandua kwa kisu. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo, naye huifanya mnyama akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Twajua kwamba vijijini vifaa vya kazi hiyo ni adimu. Lakini jino linalocheza, au uvimbe wa chini ya jicho, Bwana Mifugo aonyeshwe, kama vile aonyeshwavyo ng'ombe mwenye kidonda. Vijana wetu watakaofanya kazi hii wataona jambo jingine. Utando ule wanaoufuta katika meno ya mbwa uko pia katika meno yao, nao ndio mswaki wa sunna unaouondoa kabla ya Sala.

Juu ya mifupa twataka kusema kidogo, hasa kwa kuwa siku za Idi ya kuchinja mbwa hupata mifupa mingi kwa mara moja. Mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha, vikachoma fizi na koo. Mfupa mgumu wa mguu wa ng'ombe hulipasua gego. Kipimo chepesi ni ukucha: kitu ambacho ukikikandamiza kwa ukucha hakiingii alama hata kidogo, ni kigumu mno kwa jino la mbwa. Na ini au pafu lililokutwa na malengelenge ya maji asitupiwe mbwa kwa hali yoyote. Katika malengelenge yale wamo minyoo wachanga wa tegu mdogo sana, ambao hukua ndani ya mbwa. Mayai yake hutoka katika kinyesi, mbwa akijilamba yakashika ulimi na manyoya yake, kisha yakafika mikononi mwa watoto. Huko Turkana, Kenya, maradhi hayo yamewatia watu uvimbe mkubwa wa maini kwa wingi ambao ni nadra kuonekana penginepo duniani. Viungo kama hivyo vichomwe moto au vifukiwe kwa kina.

Yako maneno mawili yasemwayo juu ya kinywa cha mbwa, nasi hatuyakubali yote mawili. La kwanza latoka kwa wapenda mbwa, kwamba kinywa chake ni kisafi kuliko cha mtu. Hesabu tuliyoitaja yatosha kuonyesha kwamba vijidudu vyake ni vingine tu, si haba. La pili latoka kwa ndugu zetu wenyewe, ambao kila wasikiapo jina la kijidudu hukimbilia kusema kuwa hii ndiyo siri ya mara saba na udongo. Sisi twaosha kwa sababu Mtume (S.A.W.) ameamuru. Hukumu iliyofungwa na darubini ya leo itafunguliwa na darubini ya kesho, na kijana aliyefundishwa hivyo atabaki hana cha kushika.

Tena liko jambo la hatari katika kuchanganya mambo hayo. Twahofia mtu aliyeumwa na mbwa asije akaukumbuka ule udongo akautia katika jeraha. Asifanye hivyo kamwe. Udongo wa zizini na wa njiani una mbegu za pepopunda, na jeraha la chonge ndilo lipendwalo na pepopunda, kwa kuwa huwa dogo juu na refu ndani. Hadithi imetaja chombo. Mahanbali wamekubali sabuni na ushnani mahali pa udongo, na kanuni ya kuondoa madhara inajulikana na wanavyuoni wa madhehebu zote; kwa hiyo jeraha litiwe maji na sabuni, na swali la tohara liulizwe kwa sheikh baada ya damu kukoma.

Maji na sabuni hayo, tena, yawe mengi, yatiririke juu ya jeraha kwa muda wa dakika 15. Katika vijidudu vya kinywa cha mbwa kipo kiitwacho Pasteurella, ambacho huweza kulivimbisha jeraha kabla ya siku moja kwisha. Kipo kingine, Capnocytophaga canimorsus, kilichotambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1976, ambacho kwa mtu mwenye afya hupita bila ya kujulikana, lakini kwa mtu asiye na bandama, au ambaye bandama yake haifanyi kazi, huingia katika damu na kuua kwa siku chache. Wenye seli mundu, ambao katika nchi yetu ni wengi, bandama zao huharibika tangu utotoni. Nyumba yenye mtoto wa namna hiyo isiruhusu mbwa kumramba penye kidonda, na akiumwa, hata kama ni mkwaruzo wa jino tu, apelekwe hospitali siku ile ile.

Lakini yote hayo ni madogo mbele ya kichaa cha mbwa. Chake si bakteria, ni virusi, navyo hukaa katika mate. Huanza kutoka katika mate siku chache kabla ya mbwa kuonyesha dalili yoyote, na mtu akishaonyesha dalili, tiba haipo. Chanjo ipo, na imekuwapo tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja huko Paris mtoto wa miaka tisa aitwaye Joseph Meister, naye akaishi. Ila hufaa ikitolewa kabla ya dalili. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2002 ilikadiria kwamba Tanzania hufa kwa kichaa cha mbwa watu wapatao 1,500 kila mwaka, na wengi waumwao na mbwa ni watoto. Kwa mtu wa Mwazye hii ndiyo sababu ya kuondoka asubuhi ile ile kwenda Matai au Sumbawanga kuitafuta chanjo, hata kama mvua inanyesha na njia ni mbaya, wala asingoje kuona kama jeraha litapona. Jeraha hupona, virusi viko njiani kwenda katika ubongo.

Na wewe uliyesoma maneno yetu juu ya kuyatazama meno, lishike hili pia. Kiko kichaa kisichomfanya mbwa kuwa mkali. Mbwa hutulia, taya lake la chini hulegea likaning'inia, mate humchuruzika, na hawezi kumeza. Kwa jinsi aonekanavyo, kila mtu husema kwamba amekwamwa na mfupa, na mwenye huruma huingiza mkono kuutoa. Mbwa aliye katika hali hiyo asifunguliwe kinywa na mtu yeyote wa nyumbani. Atengwe, watoto waondolewe, na Bwana Mifugo aitwe. Jino linalouma halimlegezi mbwa taya.

Namna ya kuukomesha ugonjwa huu imekwisha kuonekana, tena kwa Waislamu wenzetu. Kisiwa cha Pemba, ambacho karibu watu wake wote ni Waislamu, kilianza kampeni za kuchanja mbwa mwaka 2010, na mwaka 2014 kichaa kikawa kimetoweka. Mwaka 2016 kiliingia tena kutoka nje ya kisiwa. Wakarudia kuchanja, na kisa cha mwisho cha mlipuko huo kilionekana mwaka 2018. Kipimo chao kilikuwa kile kile cha dunia nzima, kwamba kila mwaka wachanjwe mbwa wasiopungua 70 katika kila mia. Hakuna aliyelazimika kubadili madhehebu yake kwa ajili ya sindano hiyo. Siku ya chanjo mbwa huletwa na kijana mkubwa awezaye kumshika, akiwa amefungwa kamba imara shingoni, naye mchanjaji humdunga nyuma ya bega au pajani, mbali na kinywa. Watakaporudi nyumbani, kamba ikiwa imelowa mate huoshwa mara saba, moja kwa udongo, ikaanikwa juani kwa ajili ya mwaka ujao.